Kabla Kamati Haijanunua Plagini: Somo kwa Sharika Zinazorekodi Kwaya



Miongoni mwa maombi yanayofika ofisi ya miradi siku hizi, yamo yanayotaka fedha za "programu za studio". Kwaya imekwisha nunua kompyuta na maikrofoni mbili, imerekodi nyimbo zake ukumbini, na sasa fundi anasema sauti haitakuwa nzuri mpaka zinunuliwe plagini za bei kubwa. Kamati haina mtu wa kuyapima maneno hayo, kwa hiyo inasaini. Fedha hizo ni michango ya wanakwaya, wengi wao wakulima, pamoja na za wafadhili wanaosoma jarida hili. Somo la robo hii linakusudia kuwapa wajumbe ujuzi wa kutosha kumwuliza fundi maswali.

Plagini ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa ya kurekodi, ili ifanye kazi maalumu juu ya sauti iliyokwisha rekodiwa. Zamani kazi hizo zilifanywa na mitambo iliyojaza rafu nzima za studio. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa utaratibu uitwao VST, ambao uliwezesha watengenezaji wengine kutengeneza programu za kupachika. Watengenezaji wakawa wengi, na leo plagini moja yaweza kuuzwa kwa mamia ya dola, na nyingine ya kazi ile ile ikatolewa bure.

Kwa kuchanganya sauti za kwaya zinahitajika kazi tatu za msingi.

Ya kwanza ni ikwalaiza, ambayo hupandisha au kushusha sehemu fulani ya sauti, nzito au nyembamba. Mwimbaji wa besi katika kwaya zetu hashuki sana chini ya mitetemo 80 kwa sekunde. Kinachosikika chini ya hapo ni upepo, lori linalopita, na ngurumo ya jenereta. Fundi akikata yote yaliyo chini ya 70, hakuna mwimbaji anayepotea, lakini wimbo unasafika mara moja. Kati ya 200 na 400 ndipo sauti zinaporundikana: tena, besi, gitaa na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Mwambieni apunguze kinanda desibeli tatu tu katika eneo hilo, kisha sikilizeni kama maneno ya wimbo hayajaanza kueleweka. Jaribio hili halina gharama, nami nalipenda kuliko maelezo yoyote.

Ya pili ni kompresa. Hii hupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na sauti ndogo, kwa mfano pale kiongozi wa wimbo anaposogelea maikrofoni kwa furaha. Uwiano wa 3 kwa 1 ni mwanzo mzuri. Ikibana kupita kiasi, kwaya nzima husikika kama imefungiwa ndani ya debe.

Ya tatu ni mwangwi. Ni vema itumike plagini moja ya mwangwi katika njia ya pamoja, na kila sauti ipelekwe humo kwa kiasi chake. Kompyuta dogo halilemewi, na waimbaji wote husikika kama wamo katika nyumba moja.

Sasa tuje kwenye bei. Programu ya kurekodi iitwayo Reaper, ambayo mwanzilishi wake Justin Frankel ndiye aliyetengeneza Winamp mliyoizoea, inakuja na plagini zake zinazofanya kazi zote tatu. Inaruhusiwa kujaribiwa kwa siku 60 bila kupunguziwa uwezo. Leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, na taasisi zisizofanya biashara kwa faida zinastahili bei hiyo. Faili lake ni dogo, hata kwa intaneti ya kubahatisha linapakuliwa. Humo imo pia ReaFIR, ambayo hujifunza mngurumo kutoka kwenye kipande kisicho na uimbaji na kuupunguza katika wimbo wote. Ndiyo maana mwalimu wa kwaya awaamuru watu wanyamaze sekunde kumi kabla ya kuanza kila wimbo.

Anayetaka zaidi anaweza kuongeza TDR Nova kwa ajili ya ikwalaiza, Voxengo SPAN ya kuonyesha sauti kwa picha, na Valhalla Supermassive ya mwangwi mrefu. Zote tatu hutolewa bure.

Tuangalie pia namna ya kulipa. Machi 2023 kampuni ya Waves ilitangaza kuacha kuuza leseni za kudumu na kubakiza malipo ya kila mwezi au mwaka. Wateja walilalamika sana, na baada ya siku chache kampuni ikarudisha leseni za kudumu. Kwa usharika unaotegemea mavuno, ada ya kila mwezi ni deni lisilokwisha. Chagueni leseni ya kudumu, nayo isajiliwe kwa jina na barua pepe ya usharika. Fundi huhama.

Kuhusu programu za wizi zinazogawiwa kwenye flashi, sitasema mengi. Leseni haikulipiwa, basi ni mali ya mtu. Zaidi ya hayo, kompyuta hiyo hiyo mara nyingi inatunza orodha ya ahadi na sadaka za washarika, na virusi haviulizi faili la kwaya ni lipi.

Liko jambo ambalo plagini ya bei yoyote hailifanyi vizuri, nalo ni kuondoa mwangwi wa ukumbi wenye paa la bati na sakafu ya saruji. Mwangwi ukishaingia katika rekodi umeingia. Mablanketi mazito na magodoro yaliyosimamishwa nyuma na ubavuni mwa waimbaji, pamoja na kuisogeza maikrofoni karibu nao, yatasaidia kuliko plagini ya dola 300. Ikibaki fedha, nunueni maikrofoni nzuri ya waya, ya dola 100 hivi, na mlipieni kijana mmoja wa usharika mafunzo ya kuchanganya sauti.

Kamati zitakazoleta maombi ya aina hii ziambatanishe wimbo mmoja wa majaribio, uliochanganywa kwa plagini za bure tu, pamoja na rekodi yake kabla haijaguswa. Tutazisikiliza zote mbili kwanza, ndipo tufungue ukurasa wa bajeti.