Nani anaendesha CRB?

Swali: Nauza omena sokoni Oyugis. Nilimaliza kulipa mkopo wa simu, lakini benki imeninyima mkopo, inasema jina langu bado liko CRB. Hao ni serikali?

Jibu: Hapana, mama. CRB ni kampuni za kibinafsi: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Benki Kuu ya Kenya huzipa leseni na kuzisimamia. Kampuni hizi hutunza tu rekodi za mikopo zinazoletewa na wakopeshaji. Kukunyima mkopo ni uamuzi wa benki. Kwa hiyo anza na aliyekukopesha, mtake arekebishe rekodi. Kila mwaka una haki ya ripoti moja ya CRB bila malipo: iombe, uone nani kaandika nini. Deni lililocheleweshwa, hata likilipwa, hubaki kwenye historia miaka 5, ila lazima lionyeshe limelipwa. Usifute ujumbe wa M-Pesa wa kulipa deni hilo. Ndio ushahidi wako.