Dondoo muhimu: Chokoleti ya tende na karanga

Loweka kikombe 1 cha tende zisizo na kokwa kwenye maji ya moto kwa dakika 10, kisha zichuje vizuri. Zitwange pamoja na vijiko 3 vya unga wa kakao na nusu kikombe cha karanga za kukaanga, zilizosagwa laini kama kuna watoto wadogo.

Soma pakiti ya kakao kwanza! Unga wa kinywaji cha chokoleti huwa umejaa sukari, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Tafuta kakao tupu. Ukipata inayolimwa Kyela, chukua hiyo.

Ongeza chembe chache za chumvi. Mchanganyiko ukinata vidoleni, paka viganja mafuta ya nazi, viringa madonge ya ukubwa wa ndimu ndogo, uyagaragaze kwenye nazi kavu. Tende nazo zina sukari, kwa hiyo mtoto mpe mawili tu.