SOMO LA UJENZI: GHALA DOGO LA UANI, KUANZIA MSINGI

Hakuna nyumba ya Unguja isiyohitaji mahali pa kuwekea vitu visivyofaa kulala chumbani: gunia la mchele, nazi za kusubiri bei, jembe na shoka, nyavu, ndoo za rangi zilizobaki. Wananchi wengi hutatua haja hiyo kwa kibanda cha mabati chakavu kinachoegemezwa penye ukuta ulio karibu. Kibanda hicho hakidumu. Masika ya kwanza huvuja, ya pili huoza, na yumkini kabla ya masika ya tatu mwenye nyumba na jirani yake wamekwishafikishana kwa sheha kwa ajili ya maji. Somo hili linaeleza namna ya kujenga ghala dogo la futi 10 kwa 8 litakalokaa, na linaanza na pahala ambapo halifai kujengwa kabisa.

Mahali hapo ni ua wa nyumba ya Mji Mkongwe. Nyumba za mji huo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na angani, kisha huutoa nje kupitia kwenye uso wake. Ua ndio pumzi ya nyumba: huingiza mwanga, hupitisha upepo, hupokea maji ya mapaa na kuyapeleka kwenye mtaro. Anayejenga stoo ndani ya ua huo, akamwaga zege sakafuni na kupiga lipu ya saruji ukutani, amefanya makosa matatu kwa siku moja. Ameziba mtaro, ameziba upepo, na ameufungia unyevu ndani ya ukuta. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yanayokosa njia ya kutokea hupanda juu zaidi pamoja na chumvi yake, chumvi ikaganda na kuyavunja mawe taratibu, na maji yakifika kwenye vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani, boriti huoza zikiwa hazionekani. Dari huanguka siku ambayo hakuna aliyeitazamia.

Kwa sababu hiyo, hakuna ujenzi wala ubomoaji unaoruhusiwa ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe bila ya idhini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Sheria yake ya mwaka 1994 ilifuatiwa na sheria nyengine ya mwaka 2010, na mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Wapo wanaoona kuwa masharti haya yanahusu majumba makubwa tu. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka mchana wa tarehe 25 Disemba 2020, na maisha ya watu yakapotea. Ikiwa jumba kubwa namna ile laweza kuanguka likiwa katika matengenezo, nyumba ya ghorofa mbili ya Malindi au Shangani haina kinga ya peke yake. Mkaazi wa mjini anayehitaji ghala ni bora atengenezewe kabati la mbao lenye miguu, lisimame mbali na ukuta kwa inchi 4 au zaidi ili hewa ipite nyuma yake. Kabati halihitaji msingi, na siku likichoka huondolewa bila ya kubomoa kitu.

Maelezo yanayofuata, basi, ni kwa walioko nje ya Mji Mkongwe: Ng'ambo, Mwera, Fuoni, Tunguu na vijijini. Nao pia hutakiwa kuanza kwa sheha wa shehia na ofisi inayotoa vibali vya ujenzi katika wilaya yao. Ni vyema jirani aarifiwe kabla mchimbaji hajashika sururu. Jirani aliyeonyeshwa mambo na kamba ardhini hutoa maoni yake pale pale. Asiyeonyeshwa huyatoa ukuta ukiwa umekwishafika shingoni.

Kazi ianze mwishoni mwa masika, mwezi wa Juni, au ifanywe katika kiangazi cha Januari na Februari. Mahali pachaguliwe palipoinuka kidogo, mbali na mnazi kwa sababu ya nazi na makuti yanayoanguka, na mbali na karo la choo. Mlango usielekezwe kusini, kwani mvua kubwa ya masika huja na upepo wa upande huo.

Upimaji hufanywa kwa mambo manne na kamba. Pembe ya mraba hupatikana kwa njia ya zamani ambayo kila muashi anaifahamu: futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na baina ya alama hizo mbili lazima ziwe futi 5 kamili. Baada ya hapo hupimwa mishazari. Kwa ghala la futi 10 kwa 8 kila mshazari ni futi 12 na inchi 10 kasoro kidogo, na mishazari yote miwili iwe sawasawa. Kama haikulingana, pembe imepinda, na kasoro hiyo itamfuata fundi hadi kwenye bati la mwisho.

Msingi ndio kazi yenyewe, na msingi hutegemea udongo. Wakulima wa Unguja wana majina ya udongo yanayomsaidia mjenzi kuliko kitabu. Penye kinongo, yaani udongo mwekundu ulio juu ya mawe ya chokaa, mtaro wa futi 2 kwa kawaida hutosha. Penye mchanga mtupu kuta za mtaro humomonyoka, hivyo hupanuliwa na chini yake hushindiliwa kwa maji. Penye kinamo, udongo mzito kama wa mabonde ya mpunga, pana hatari zaidi: udongo huo huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka, na kila unapofanya hivyo huinyanyua na kuishusha nyumba. Hapo ichimbwe futi 3 au zaidi, na mwenye nafasi pahala pengine ahamie huko. Ama katika uwanda na maweni, kama Makunduchi, Jambiani na Michamvi, jiwe huonekana baada ya mapigo machache ya sururu, na wengi hufurahi wakadhani kazi imekwisha. Jiwe la matumbawe huwa na mapango. Inafaa fundi apige mtaimbo kila baada ya futi moja na asikilize. Palipo pazima hutoa mlio mkali, na palipo wazi hulia kama ngoma. Penye mlio wa ngoma pavunjwe na pajazwe mawe na zege kabla ya kuendelea.

Mtaro uwe na upana wa inchi 18. Chini yake humwagwa zege la unene wa inchi 6, kwa kipimo cha ndoo 1 ya saruji, 3 za mchanga na 6 za kokoto. Maji yawe ya kisima kisicho na chumvi au ya bomba. Maji ya bahari hayafai kabisa, wala mchanga wa pwani, kwa sababu chumvi huvuta unyevu kutoka hewani miaka yote ya uhai wa jengo na hula nondo. Zaidi ya hayo, kuchota mchanga ufukweni bila ya kibali ni kosa, na ufukwe ulionyang'anywa mchanga huanza kuliwa na bahari. Mchanga ununuliwe katika maeneo yaliyoruhusiwa, na ukiwa na udongo mwingi uoshwe. Fundi ataujua kwa kuutia kwenye chupa ya maji na kuitikisa: udongo hutulia juu ya mchanga kama utando, na utando ukiwa mnene mchanga huo haufai kwa zege.

Juu ya zege hupangwa safu tatu za matofali ya saruji hadi futi moja juu ya ardhi. Wengi huibana futi hiyo moja ili kuokoa matofali ishirini na kitu. Ni uchumi wa hasara. Maji ya mvua yanayoruka kutoka ardhini hupiga sehemu hiyo ya ukuta, na sakafu iliyo sawa na uwanja huingiwa na maji, siafu na panya kwa mkupuo mmoja. Ndani ya msingi hujazwa kifusi kinachoshindiliwa kwa tabaka, si chote kwa pamoja. Juu yake hutandikwa karatasi nzito ya nailoni ipande hadi juu ya tofali la msingi, kisha humwagwa jamvi la inchi 3 au 4. Nailoni hii ni ya bei ndogo, na ndiyo inayozuia unyevu wa ardhi usipande kwenye gunia. Mahindi na njugu zilizolowa huota ukungu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumu inayodhuru ini, ambayo haiondoki hata chakula kikipikwa sana. Gharama ya nailoni ipimwe kwa kipimo hicho.

Zege na jamvi hufunikwa na kumwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Mafundi wenye haraka huona kuwa ni kupoteza wakati, lakini saruji haigandi kwa kukaushwa na jua. Hushika kwa kunywa maji, na iliyokaushwa mapema hubakia unga.

Kuta za matofali ya inchi 6 zinatosha. Upande wa mbele uinuliwe futi 8 na nusu na wa nyuma futi 7, ili paa lipate mteremko wa futi moja na nusu. Kwa kuta hizo, baada ya kutoa mlango, yatahitajika matofali kama 230, na msingi hula mengine 72. Mwenye kuagiza 320 atakuwa amejihadhari na yatakayovunjika. Udongo wa kujengea uwe ndoo 1 ya saruji kwa 5 au 6 za mchanga. Kila safu ipimwe kwa pima maji na kila pembe kwa timazi, na viungo visikutane juu ya viungo. Chini ya paa, katika kuta mbili zinazotazamana, yaachwe matundu ya hewa yaliyozibwa kwa wavu wa chuma, panya asipite. Juu ya mlango huwekwa linta ya zege yenye nondo, iliyokaa inchi 6 au zaidi ndani ya ukuta kila upande.

Suala la mbao za paa linahitaji tahadhari. Boriti za mikoko zimeaminiwa na wazee kwa kuwa mchwa hazipendi, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba vya Mji Mkongwe. Hata hivyo mikoko ya Unguja si ya kukata ovyo. Mikoko ndiyo malezi ya samaki na kinga ya pwani, ukataji wake unahitaji kibali chini ya Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996, na sehemu ya mikoko ya Ghuba ya Chwaka imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Kwa ghala la futi 8, mbao za mnazi mkongwe zilizopasuliwa kutoka sehemu ya nje ya shina zinatosha, mradi zipakwe dawa ya mchwa na zisigusane na udongo. Mbao ya kwanza hufungwa kwenye ukuta kwa vipande vya nondo vilivyotangulia kufukiwa katika safu mbili za juu. Bila ya hivyo kusi likivuma paa litakwenda lilikotaka.

Mabati yapigiliwe misumari kwenye mgongo wa wimbi, si bondeni ambamo maji hupita, na yatokeze futi moja kila upande. Hapa ndipo ugomvi wa majirani hutokea. Paa hili, pamoja na upenu wake, lina futi 12 kwa 10, na mvua moja kubwa ya milimita 50 hushusha juu yake zaidi ya lita 500. Mteremko uelekee uwanja wa mwenye ghala, kamwe usielekee kwa jirani, na chini yake uwekwe mfereji wa bati na pipa. Maji hayo yanafaa kwa bustani na kufulia.

Mlango ufunguke kwa nje, ili usile nafasi ya ndani. Magunia yakae juu ya chaga, si juu ya sakafu wala kuegemea ukuta. Mafuta ya taa, petroli na mitungi ya gesi isichanganywe na chakula katika chumba kimoja.

Baada ya masika ya kwanza mwenye ghala azunguke na kulikagua. Nyufa nyembamba kama unywele katika lipu si za kutisha. Ufa unaopanda kama ngazi ukifuata viungo vya matofali ni habari nyengine, kwani huashiria kuwa upande mmoja wa msingi unazama. Ufa huo usizibwe. Utiwe alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, pamoja na tarehe, na utazamwe kila mwezi. Ukivuka alama, aitwe fundi achimbe pembeni mwa msingi na kuangalia palipolegea kabla ya vuli kuanza.