Funza Hushindwa kwa Kazi ya Juma kwa Juma

Katika nyumba zenye sakafu ya udongo huko Nyeri, Karatina na Kerugoya, adui mkubwa si takataka ionekanayo, bali ni funza. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini, akafika pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla ya mwaka 1900 alikwisha vuka bara hadi Afrika ya Mashariki.

Funza jike hujichimbia mguuni, na mayai yake huanguka sakafuni. Humo vumbini huanguliwa kwa siku tatu au nne, na baada ya majuma matatu hivi huwa funza wazima. Ndiyo sababu kazi ya juma kwa juma yatosha. Si lazima mama ajichoshe kutwa, naye ana shamba, kuni na maji ya kuchota.

Kila asubuhi na anyunyize maji kwanza ndipo afagie, maana kufagia pakavu ni kurusha vumbi tu. Jumamosi vitanda vitolewe nje, blanketi zianikwe, baba azibe nyufa, na sakafu ikandikwe upya. Mwezi wa Julai, ukungu wa Mlima Kenya ufunikapo jua, zianikwe siku yo yote litokapo. Januari na Februari vumbi ni jingi, basi kazi isirukwe.

Mbuzi nao walale bandani. Wengi hulikataa neno hili kwa kuogopa wezi, lakini wanyama huchukua funza pia.

Sindano ya kutolea funza ichomwe motoni, wala watu wasiazimane, kwa kuwa kidonda huweza kuingiwa na pepopunda.