Nembo Imekufa, Gari Linatembea: Mafunzo Niliyopata kwa Kununua Pontiac

Kwa dola 4,000 hapa Minnesota, Corolla utakazoonyeshwa ni zile zilizokwisha kuchoka, na mwenye gari bado anakuringia kwa sababu ni Toyota. Ndiyo maana nilijikuta nazunguka magari mawili ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiyagombania: Pontiac Vibe ya 2007 na Saab 9-5 ya 2003. General Motors walitangaza kuiacha Pontiac mwezi Aprili 2009, na mwisho wa Oktoba 2010 jina hilo likafungwa rasmi. Saab ilifilisika Desemba 2011. Kila Mswahili niliyemweleza alikuwa na neno moja: "Spea utatoa wapi?" Ni swali la haki kabisa. Ila jibu lake halifanani kwa magari yote, na watu wengi huuliza wakaondoka bila kulisubiri.

1. Fungua boneti kabla ya kuamini nembo

Vibe ina nembo ya Pontiac mbele na nyuma, lakini ilitengenezwa Fremont, California, kwenye kiwanda cha NUMMI ambacho GM na Toyota walikiendesha kwa ubia tangu 1984. Corolla nazo zilitoka kwenye kiwanda hicho. Ndugu yake wa damu ni Toyota Matrix, iliyokuwa ikiundwa Cambridge, Ontario, kule Kanada. Injini ni 1ZZ-FE ya lita 1.8. Nilipofungua boneti, koili za plagi zilikuwa zimeandikwa DENSO, alteneta vilevile. Namba ya chasisi ilianza na 5Y2, ambayo ni ya Pontiac zilizotoka kiwanda hicho.

Nikapiga picha ya injini nikamrushia shemeji yangu Dar es Salaam, ambaye ni fundi maeneo ya Ilala. Hakuuliza hata gari gani. "Shemeji, hiyo 1ZZ. Hiyo ni Wish tu imevaa koti la Kizungu. Unaogopa nini?" Na kweli, injini hiyohiyo iko kwenye Toyota Wish ya kwanza, Premio, Opa na RAV4 ndogo za lita 1.8, na hakuna fundi wa Gerezani asiyeijua.

Yeye ndiye aliyenikumbusha Voltz. Kuna Toyota Voltz chache Dar na Nairobi ambazo watu huziona kama Toyota ya ajabu isiyo na ukoo. Basi Voltz ni Vibe hiihii: ilitengenezwa Fremont, ikawekwa usukani kulia, ikauzwa Japani kati ya 2002 na 2004 kwa nembo ya Toyota, halafu ikatufikia sisi kama gari la mtumba kutoka Japani. Gari la California limezunguka dunia hadi Ubungo, na mwenye nalo anaapa ni la Kijapani.

2. Uliza jina lilikufaje

Kuna majina yaliyofutwa huku kampuni mama ikiwa hai. Ford waliifunga Mercury mwanzoni mwa 2011, lakini Grand Marquis kwa ndani ni Crown Victoria, na Milan ni Fusion. Toyota waliifunga Scion mwaka 2016, na majukumu yake yote wakabaki nayo wenyewe. Pontiac iko kundi hili. Suzuki wao waliacha tu kuuza magari Marekani, wakaendelea kwingineko duniani, kwa hiyo spea zipo ila zinaweza kuwa mbali. Halafu kuna kampuni iliyoanguka yenyewe, kama MG Rover ya Uingereza mwaka 2005, au Saab.

Hata ndani ya Saab mambo hayako sawa. Saab 9-2X ni Subaru Impreza iliyotengenezwa Japani. Saab 9-7X ni Chevrolet TrailBlazer. Anayeuza moja kati ya hizo kwa bei ya kutupa kwa sababu "Saab ilikufa" anakufanyia hisani bila kujua. Lakini 9-5 niliyokuwa nikiitazama ilikuwa Saab kweli, kutoka Trollhättan, Sweden.

Nisiionee. Viti vyake vilikuwa bora kuliko kiti chochote nyumbani kwangu, na turbo ile ukiikanyaga inakusukuma mgongoni. Spea zake hazijaisha, kwa kuwa ilibaki kampuni maalumu ya vipuri kule Nyköping, Sweden. Tatizo ni kwamba zinapitia mlango mmoja. Injini ile ina kaseti moja ya kuwashia inayokaa juu ya plagi zote nne, na inajulikana kwa kufa ghafla. Kwenye Vibe koili moja ikifa unanunua hiyo moja, duka lolote la spea. Kwenye 9-5 unanunua kaseti nzima, na wenyewe waliozoea hutembea na ya akiba kwenye buti. Gari linalokufundisha tabia ya namna hiyo lina mapenzi yake, lakini mimi nalitumia kwenda kazini saa kumi na moja alfajiri, nje ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri.

3. Injini haitakusumbua, bodi ndiyo itakusumbua

Hili ndilo watu hawalisemi. Pedi za breki, shokamzoba, pampu ya maji, beringi za magurudumu: vyote hivyo nanunua kwa kutaja Matrix, na muuzaji hajui kama nina Pontiac. Lakini taa za mbele, bampa, madigadi ya mbele, boneti na taa za nyuma ni za Vibe peke yake. Matrix ina sura nyingine kabisa, na kipande chake hakikai.

Kwa hiyo nililikagua gari kinyume na mazoea. Badala ya kuanza na injini nilianza na plastiki. Nilishika kila taa nikaitikisa kuona kama masikio yake ya kufungia yamevunjika. Nilitazama kama kioo cha nyuma kinafunguka peke yake bila mlango kuinuliwa, maana Vibe ya kizazi cha kwanza ina ujanja huo. Nilichomeka chaja kwenye soketi ya umeme wa volti 115 iliyoko kwenye dashibodi, ikafanya kazi. Muuzaji alinitazama kama mtu anayenunua jokofu.

4. Kabla ya kununua, jua nani ana kompyuta ya kuzungumza na gari

Hili linahusu Saab za miaka ya 2000 zaidi kuliko Pontiac. Vifaa vya umeme ndani yake vimefungwa kwa gari husika, na huwezi kung'oa kimoja kwenye gari bovu ukakichomeka kwenye lako kama redio ya zamani. Fundi lazima awe na kifaa kiitwacho Tech 2 na ajue kukitumia. Ufunguo nao ni hivyohivyo, na ukipoteza wa mwisho unajitafutia gharama kubwa kuliko bei ya ufunguo. Niliuliza mafundi wa karibu na kwangu. Aliyekuwa na kifaa hicho alikuwa mzee, na alikuwa anazungumzia kustaafu.

5. Jina likifa, deni la usalama halifi nalo

Vibe za 2003 hadi 2007 zimo kwenye orodha ndefu ya magari yenye mifuko ya hewa ya Takata upande wa abiria, ile inayoweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Za 2005 hadi 2008 ziliitwa pia na mtengenezaji zirudishwe kwa wakala kwa ajili ya kompyuta ya injini. Mwenye gari alikuwa na barua za kuitwa amezihifadhi vizuri kabisa, na hakwenda popote. Kwake yeye hapakuwa na pa kwenda, maana duka la Pontiac la mjini kwao lilishafungwa.

Kumbe unakwenda kwa wakala wa Chevrolet, Buick au GMC, na anafanya bure. Nilichukua namba ya chasisi nikaiingiza kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ikaonyesha kazi ambayo haijafanywa. Mfuko wa abiria ulibadilishwa bila kulipa senti. Ukinunua gari la jina lililokufa, fanya hivyo kabla hujampandisha mtu kiti cha mbele.

6. Ukirithi ukoo, unarithi na magonjwa yake

Watu wakishasikia "ndani ni Toyota" wanaacha kukagua. 1ZZ za miaka ya mwanzo zina sifa ya kunywa oili. Vibe za 2009 na 2010 zenye injini ya lita 2.4, yaani 2AZ-FE, nazo zinanywa. Kwenye 1ZZ, pitisha kidole chini ya kikazia cha cheni ya taimingi, na kidole kikirudi cheusi, kipira cha hapo kinavuja, jambo dogo na la bei rahisi. Ukikuta giaboksi ya mkono, sikiliza mlio wa beringi gari likiwa gia huru, kisha kanyaga klachi uone kama mlio unapotea.

Halafu chumvi. Hapa barabara humwagiwa chumvi majira ya theluji, na chuma kinaliwa kuanzia chini. Nililala mgongoni na tochi nikatazama mabomba ya breki na kingo za chini ya milango kabla ya kuzungumza bei.

7. Bei ya kununulia ni ndogo, ya kuuzia ni ndogo pia

Muuzaji alikubali dola 3,400. Matrix ya umri huo, yenye kutu zaidi, ilikuwa ikiulizwa zaidi ya hapo. Lakini nikiuza kesho, mnunuzi atanipunja kwa hoja zilezile nilizompunja nazo yule. Bima kubwa nayo ingelipa thamani ya soko tu, kwa hiyo mgongano wa kawaida unaovunja bampa na taa mbili unatosha kulifanya liandikwe hasara. Ndiyo maana nilichukua bima ya lazima peke yake.

8. Kusanya vipande wakati bado vipo

Vibe zinaingia kwenye viwanja vya magari chakavu kila mwezi, na hazitaendelea kuingia milele. Nimeshanunua taa ya mbele ya kushoto na vioo viwili vya pembeni, vimekaa kwenye ghala chini ya nyumba, na mke wangu ameshaniuliza kama tunafungua duka.

Shemeji aliposikia akaniagizia. Ana mteja mwenye Voltz iliyogongwa mbele, na bodi ya Voltz ni ya Vibe isipokuwa nembo na vitu vidogo. Boneti ningempatia kwa bei ya chakula cha mchana, ila kuisafirisha ni ghali kuliko boneti yenyewe. Kuhusu taa nilimkatalia, maana ya huku imekatwa mwanga kwa ajili ya barabara za kuendesha kulia, na hata ikikaa vizuri kwenye tundu lake, usiku itamulika machoni mwa anayekuja mbele. Nimemwambia atafute ya Japani.