SOMO LA KARAKANA: KIHISI CHA OKSIJENI KINACHOCHELEWA KUJIBU



Katika karakana za mashamba na viwanda, maneno "wizi wa petroli" hutamkwa upesi mno. Gari likianza kunywa mafuta kuliko kawaida, wa kwanza kutazamwa ni dereva, na wa pili ni fundi. Lakini gari lenyewe laweza kula mafuta bila mtu yeyote kuyachota. Sababu mojawapo ni kihisi cha oksijeni kilichochoka, ambacho mafundi wengi hukiita oksijeni sensa. Yafaa tujue kukipima, ili mwenzetu asihukumiwe kabla gari halijapimwa, na fedha za vipuri zisitupwe bure.

Kazi ya kihisi

Kihisi hiki hufungwa kwenye bomba la moshi, karibu na injini, kabla ya masega. Kilianza kutumika mwaka 1976 katika magari ya Volvo yaliyopelekwa Marekani. Siku hizi kimo katika magari mengi ya petroli, pamoja na yale ya mitumba yanayopitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwenda Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo.

Ndani yake mna kauri ya zirkonia. Kauri hiyo ikipata joto la nyuzi 300 hivi au zaidi, hutoa umeme mdogo kwa kulinganisha oksijeni ya moshi na ile ya hewa ya nje. Petroli ikizidi, umeme hupanda hadi karibu volti 0.9. Hewa ikizidi, hushuka hadi karibu volti 0.1. Kompyuta ya gari husoma umeme huo, kisha hupunguza au huongeza petroli. Kwa hiyo kihisi kizima hakitulii. Hupanda na kushuka tena na tena.

Kihisi kinachochelewa hakijafa. Kinapanda na kushuka, lakini polepole. Kompyuta huwa kama nyapara anayegawa kazi ya leo kwa hesabu ya jana. Matokeo yake petroli yaweza kuzidi, moshi ukawa mchafu, na masega yakaharibika.

Kinachokichosha ni masizi ya petroli iliyozidi, majivu ya oili katika injini inayokula oili, silikoni ya gundi za gasketi zisizofaa, na maji ya rejeta yanayovuja ndani ya injini. Tukibadilisha kihisi bila kuondoa chanzo, kipya nacho kitachoka.

Namba si hukumu

Mashine ya kusoma hitilafu yaweza kuonyesha namba P0133. Maana yake ni kwamba kihisi cha mbele kinachelewa kujibu. Namba hiyo haisemi "nunua kihisi kipya". Hapana budi tufuate hatua:

1. Fungueni milango ya karakana kwanza. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Jihadharini pia na bomba la moto.

2. Kagueni bomba la moshi tangu kwenye injini. Pakiwa na tundu au gasketi iliyoungua, hewa ya nje huingia na kukidanganya kihisi.

3. Kagueni mipira ya hewa ya injini, nyaya na plagi ya kihisi. Kama kina hita ndani yake, hakikisheni inapata umeme wa volti 12 hivi na kwamba haijakatika.

4. Pasheni injini moto kabisa, kisha ishikeni kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika kwa muda wa dakika mbili hivi.

5. Pimeni waya wa ishara kwa mita ya dijitali. Ya mshale isitumike, kwa kuwa yaweza kunyonya umeme huo mdogo. Hesabuni ni mara ngapi umeme unavuka volti 0.45 katika sekunde 10. Kihisi kizima huvuka mara nyingi. Kilichochoka huvuka mara chache, au huzunguka katikati tu.

6. Kilazimisheni kijibu. Kanyageni mafuta kwa ghafula: umeme uruke juu mara moja. Chomoeni mpira mmoja mdogo wa hewa: ushuke mara moja. Kihisi kizuri huruka katika muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mita haiwezi kuonyesha kasi hiyo sawasawa. Osiloskopu ndiyo huionyesha.

Hatua ya sita ndiyo inayoamua. Kikijikokota hata kinapolazimishwa, kimechoka. Kikiruka upesi, kihisi ni kizima. Tafuteni kosa kwenye nozeli, shinikizo la petroli au hewa inayovuja.

Tahadhari mbili. Kihisi cha nyuma, baada ya masega, hutakiwa kutulia. Msikiite kibovu kwa sababu hiyo. Tena, magari kadhaa ya miaka ya 2000 na baadaye yana kihisi cha aina nyingine mahali pa kile cha mbele, nacho hakifuati volti hizi. Someni kitabu cha gari husika.

Wajibu wetu

Kila kipimo kiandikwe: tarehe, kilometa, petroli iliyojazwa, volti zilizosomwa, na jina la aliyepima. Nakala moja ikae karakana, nyingine kwa mwakilishi wa wafanyakazi. Dereva akiitwa kujibu tuhuma za mafuta, mwakilishi aulize kwanza: gari limepimwa? Karatasi hiyo haimlindi mwizi. Inamlinda asiye na hatia, na inamwonyesha mwajiri hasara inakotoka.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tukague bomba la moshi kabla ya kukilaumu kihisi?
2. Hatua ya sita inatenganishaje kihisi kibovu na kosa la mahali pengine?
3. Katika karakana yenu, nani huandika mafuta na kilometa, na nani huweza kuzisoma hesabu hizo?