Binti wa Kabambare, Jina Lako Lina Thamani

Dada, kama ulizaliwa mwaka 2003, utatimiza miaka 25 mwaka 2028, mwaka unaotarajiwa kuwa wa uchaguzi mkuu. Huo ndio umri wa kugombea ubunge wa taifa au wa jimbo. Mdogo wako wa miaka 18 atapiga kura.

Bibi zetu hawakupiga kura katika uchaguzi wa mwaka 1960. Mwanamke wa Kongo aliipata haki hiyo mwaka 1967. Leo kifungu cha 14 cha Katiba ya 2006 kinadai usawa wa wanawake na wanaume katika vyombo vya taifa, majimbo na mitaa. Mwezi Aprili 2024 Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza nchini. Na jimbo letu la Maniema limewahi kuongozwa na mama, Afani Idrissa Mangala, akiwa kaimu gavana.

Jambo lifuatalo lishike vizuri, maana wengi hawaambiwi. Tangu sheria ya uchaguzi irekebishwe Juni 2022, orodha ya chama yenye wanawake nusu au zaidi hailipi dhamana. Kwa hiyo wakuu wa vyama watakuja nyumbani kuomba jina lako. Usikimbilie kusaini. Penye viti viwili au zaidi, mpiga kura huchagua mtu mmoja ndani ya orodha. Kura za orodha nzima hujumlishwa ili kugawa viti, kisha kiti humwendea aliyeongoza katika orodha hiyo. Dada aliyeandikwa kujaza nafasi tu, asiyefika hata kijiji kimoja kujinadi, anampelekea mwingine kura za shangazi zake. Uliza kwanza: picha zangu atachapisha nani? Pikipiki ya kunifikisha Wamaza na Salamabila atatia mafuta nani? Wasipokuwa na jibu, chama si hicho kimoja.

Lakini usingoje 2028 ndipo watu wakujue. Uchaguzi wa madiwani wa mwaka 2023 uliishia katika komuni za miji mikuu ya majimbo. Huku kwetu haukufika. Iliyobaki wazi ni milango midogo: kamati ya wazazi shuleni, kamati ya afya, likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu), baraza la kijiji. Ingia humo, ujifunze kudai hesabu. Sheria ya madini ya 2018 inaitaka kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na Salamabila ni nchi ya dhahabu. Msichana aliyezoea kutunza daftari la likelemba bila senti kupotea anaweza kusimama na kuuliza: fungu letu limejenga nini?

Wababa na kaka, binti akiomba ruhusa ya kwenda kikaoni, msimwambie siasa inaharibu ndoa. Msindikizeni.

Nawe dada, kikao kijacho cha kijiji usiketi nyuma karibu na mlango. Keti mbele, omba neno, useme.